Mtumeni Yule wa Kwenye Picha

Jumanne, 3 Mei 2016

Mvua imenyesha tangu alfajiri na njia ya kuingia mtaani kwetu Mauna, hapa Juba, imekuwa tope tupu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilisoma Kitale na ndiyo lugha ninayoiandika bila kusitasita, na pia kwa sababu hapa uani hakuna atakayejisumbua kuisoma. Mama Suzan anakiongea, kile cha Uganda, lakini kukisoma humchosha.

Leo amenipa kazi rasmi. Mimi, Joy Keji, ndiye msemaji wa Mama Afike. Cheo kikubwa kuliko ofisi yenyewe, maana ofisi ni chumba cha mbele cha nyumba hii tunamoishi, na shirika zima ni Mama Suzan, ambaye ni mkunga, mimi, na waendesha bodaboda wawili, Kato na Duop. Mama mjamzito akishikwa na uchungu anapiga simu, mmoja wao anamfuata kwa senke, ndivyo watu wa Juba wanavyoziita pikipiki, na kumfikisha hospitali. Mama Suzan aliwaza jambo hili tangu aliporudi kutoka ukimbizini Moyo, Uganda, akakuta wanawake wanazalia njiani.

Kazi yangu ni ukurasa wetu wa Facebook. Leo nimezipiga pikipiki picha kutoka mbele, nyuma na ubavuni, nikazipanga pamoja mpaka zikaonekana ni kundi. Juu nimeandika: Mama Afike. Piga, tutakuja.

Jumatano, 11 Mei

Cissy amepiga simu kutoka Kampala. Yeye ndiye anayetusemea kwa wafadhili. Anasema picha zetu ni za vyuma, na mtu hachangii chuma. Tutafute uso.

Jumatatu, 16 Mei

Nimeupata uso.

Asubuhi Duop alimchukua mama mmoja mtaa wa Gurei katikati ya mvua kubwa. Alimvika koti lake la mvua, yeye akaloa mpaka mifupani. Nilikuwa nimetangulia hospitali na simu mkononi. Walipompokea yule mama, Duop alivua helmeti akasimama mlangoni, maji yakimchuruzika, akicheka peke yake kama mtu aliyeshinda mbio. Nikampiga picha. Ni mrefu, meno meupe, na kwenye paji la uso ile mistari ya chale ya vijana wa Kinuer, kutoka sikio hadi sikio. Katika picha mistari inang'aa kwa maji. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nilimwonyesha. Alisema mama yake angeipenda, kisha akaniomba nisiandike kwamba aliteleza mara mbili njiani. Nimeiweka, na jina lake chini.

Jumatano, 18 Mei

Simu haitulii. Picha imesambazwa na watu nisiowajua, Nairobi, Kampala, hata Australia. Cissy amefurahi mno.

Jumamosi, 28 Mei

Mvua.

Ijumaa, 3 Juni

Mama kumi waliopiga simu wiki hii wameniambia waliona picha. Mmoja alimkataa Kato, akasema anamtaka yule wa kwenye picha. Kato alirudi kanuna. Aliniambia, "Mimi iko na pikipiki nzuri, iko na leseni, lakini hapana iko na meno ya Duop." Tulicheka sana, na yeye mwenyewe mwishowe akacheka.

Alhamisi, 9 Juni

Chini ya picha ya Duop kuna mtu ameandika: Huyu tunamjua.

Maneno hayo tu. Anayeandika hana sura, pa kuweka sura ameweka bendera. Mwanzoni nilidhani ni salamu. Nimeyasoma mara kadhaa na kila nikiyasoma yanazidi kuwa mabaya. Nimeyafuta.

Ijumaa, 10 Juni

Yamerudi. Safari hii: Huyu tunamjua. Analala wapi?

Nilimwonyesha Duop akiwa anakaza mnyororo wa pikipiki. Alisoma, akarudia kukaza. Alisema mwenye bodaboda akijulikana ndiyo biashara. Lakini nilimwona baadaye amekaa juu ya ndoo, spana mkononi, haifanyi kitu.

Jumatatu, 13 Juni

Nimemwomba Mama Suzan tuitoe picha. Alimtaja Cissy na karatasi zote za wafadhili ambazo Cissy amekwisha kuzipachika picha ile. Kisha akasema toa. Nimeitoa kwetu. Iko kwa watu wengine wote. Nimeikuta kwenye ukurasa wa mtu wa Bor, wa Wau, wa kanisa moja la Nairobi. Nimewaandikia mmoja mmoja nikiwaomba. Wawili wamejibu. Mmoja ameuliza, kwa nini, ni picha nzuri sana.

Jumatano, 22 Juni

Watu wa vizuizi wameongezeka barabara ya Gudele. Serikali ni moja sasa, wanasema, lakini askari wa upande huu, wengi Wadinka, na wa upande ule, wengi Wanuer, wanaangaliana kama mbwa wa nyumba mbili. Duop sasa anavaa helmeti yenye kioo cheusi na haivui mpaka aingie uani.

Jumamosi, 2 Julai

Kuna ofisa amepigwa risasi mjini. Kila mtu anasimulia tofauti. Mama Suzan amenunua maharage, chumvi na mishumaa, akavipanga chini ya kitanda chake bila kusema kitu. Nilipomwuliza alisema mwaka elfu mbili na kumi na tatu, vita vilipoanza, hakuwa na chumvi.

Alhamisi, 7 Julai

Milio ya risasi upande wa Gudele jioni hii. Duop alikuwa amekuja kuleta pikipiki na sasa hawezi kurudi kwake, maana njia inapita pale pale. Mama Suzan amemtandikia mkeka kwenye stoo ya vipuri.

Ijumaa, 8 Julai

Mchana ulikuwa mzuri hata nikafua nguo. Kisha jua likiwa bado juu mji ukapasuka. Sijui neno jingine. Ilitoka upande wa ikulu, mfululizo, na baadaye kidogo ikawa kila upande. Tulilala kifudifudi kwenye sakafu ya ofisi, Mama Suzan, mimi na Duop, vichwa vyetu chini ya meza yenye kompyuta.

Kato amepiga kutoka Gurei, amejificha na Waganda wenzake dukani.

Watu wanaiandikia Mama Afike. Siyo wajawazito tu. Mwanamume mmoja anauliza kama magari yetu yanaweza kumtoa yeye na watoto. Mwingine anasema ameona tuna pikipiki nyingi, tumtumie tatu. Zile ni picha zangu. Ni pikipiki mbili nilizozizunguka na simu.

Jumamosi, 9 Julai

Leo nchi imetimiza miaka mitano ya uhuru. Kimya. Hakuna aliyetoka.

Jumapili, 10 Julai

Lazima niandike yote leo, kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Vita vilianza tena asubuhi, vibaya kuliko Ijumaa. Upande wa Jebel kuna mizinga, na helikopta zinapita chini kiasi kwamba mabati yanalia. Mama Suzan alimfungia Duop stoo kwa kufuli la nje, ili mtu akiingia aone mlango uliofungwa na mwenyewe hayupo. Duop alikubali. Aliingia na chupa ya maji na akakaa nyuma ya matairi.

Karibu saa nne ukaja ujumbe kwenye ukurasa. Mtumaji hana picha ya uso, ana picha ya maua. Jina ni herufi mbili tu. Aliandika kwamba yuko Gurei, uchungu umeanza, yuko peke yake. Kisha akaandika: Mtumeni yule wa kwenye picha. Yule Duop.

Nikamjibu kwamba barabara hazipitiki, lakini mkunga yuko hapa, apige simu tuongee naye. Akasema hawezi kuongea, watasikia.

Nani watasikia, nikauliza.

Hakujibu hilo. Akaandika tena: Yule Duop. Siyo mwingine.

Niliusoma tena. Mtu asiye na sura, asiyetaka sauti yake isikike, anayemtaka mtu mmoja kwa jina, siku ambayo mtu huyo akitoka nje atauawa kwa sababu ya mistari ya paji la uso wake. Nilimkumbuka yule wa bendera. Analala wapi? Ikiwa ningekuwa nataka kumtoa Duop alikojificha, ningeandika nini? Ningeandika maneno haya haya. Sisi wenyewe tumemfundisha kila mtu Juba kwamba mama akiita, Duop anakuja.

Nilimwambia anitumie sauti, hata kupumua tu. Hakutuma. Nilimwuliza mimba ni ya ngapi. Akasema ya kwanza. Mtu yeyote anaweza kusema ya kwanza.

Mama Suzan alikuwa jikoni, kwenye kona isiyo na dirisha. Nilimpelekea simu. Alisoma kwa taabu, midomo ikitembea. Alisema, "Kama ni mama, yeye nateseka. Kama si mama, Duop nakufa. Mimi siwezi kuona ndani ya simu."

Nikamwuliza kama tumwambie Duop.

"Tukimwambia, atakwenda," alisema. "Wewe unamjua."

Ninamjua. Angetaka afunguliwe. Angevaa helmeti yake na kutoka, na hata kama ujumbe ni wa kweli, asingefika kizuizi cha kwanza. Nikampigia Kato, maana yeye yuko huko huko Gurei. Simu yake haipatikani.

Basi tukafanya tulichoweza. Mama Suzan akasema, mimi nikaandika kwa Kiarabu cha hapa: lala ubavu, tafuta kitambaa safi, usisukume mpaka mwili wenyewe usukume, mtoto akitoka mkaushe na umweke kifuani, kitovu kifunge kwa uzi mahali pawili na usikikate mpaka kiache kupiga. Nilituma yote. Ilionyesha kwamba ameyasoma. Mwishoni nikamwandikia kwamba Duop hayupo, alikwenda Uganda.

Akaandika: Lakini mlisema mtakuja.

Hajaandika tena.

Nimeondoa lile neno juu ya ukurasa. Pale palipokuwa na Tutakuja nimeandika: Hatuwezi kutoka. Mkunga yupo kwenye simu. 

Duop aligonga mlango wa stoo taratibu na kuuliza kama kuna mama yeyote aliyepiga. Nikamwambia hapana.

Jumatatu, 11 Julai

Wamekuja.

Ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha. Watano, wamevaa nusu sare nusu nguo za kawaida, wanataka pikipiki. Mama Suzan alikuwa ameshika funguo mkononi kabla hawajamaliza kusema. Pikipiki ya Duop ilikuwa hapo uani, na nyingine kuukuu ya ofisi, ambayo haiwaki vizuri na hatuitumii. Wakachukua zote mbili. Wakachukua kompyuta, unga, na viatu vyangu vya kanisani.

Mmoja wao, kijana mwenye sauti ya upole, alibaki nyuma anasoma kibao chetu cha ukutani. Akaniuliza kwa Kiarabu kama sisi ndio wale wanaobeba akina mama. Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Yule mrefu yuko wapi?"

 Nikasema amekwenda Uganda. Neno lile lile nililomwandikia yule wa Gurei, likatoka lenyewe.

"Dada yangu aliipenda picha yake," akasema, na akatabasamu. Sijui mpaka sasa lile tabasamu lilikuwa na maana gani. Labda ni kweli ana dada. Macho yake yalienda kwenye mlango wa stoo, kwenye kufuli. Mama Suzan akasema humo ni matairi mabovu, kama wanataka atafute ufunguo, ila ufunguo ameuweka mahali na wazee husahau. Aliongea polepole, kwa kuzungukazunguka, kama bibi aliyechoka. Mwenzake akamwita yule kijana kutoka njiani, pikipiki ya ofisi imegoma. Akaenda.

Tulipomfungulia Duop alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe mpaka ukatoa damu. Alikuwa amesikia kila kitu.

Nilijiambia: nilifanya sawa. Nilijiambia hivyo mchana kutwa. Jioni redio imesema pande zote zinaacha kupigana.

Jumanne, 12 Julai

Kimya cha kutisha kuliko milio. Nimemwandikia yule wa Gurei. Ujumbe haujasomwa.

Alhamisi, 14 Julai

Kato yuko hai. Alipita kuaga, jeshi la Uganda limeleta magari ya kuchukua watu wao kupitia Nimule, mpakani. Nilimwuliza kama alisikia lolote Gurei kuhusu mama aliyejifungua. Aliniangalia kwa huruma akasema huko Gurei alisikia vitu vingi, na hicho hapana. Mke wake amemwambia arudi asirudi tena huku. Alimkumbatia Duop kwa muda mrefu.

Mchana Mama Suzan alimpeleka Duop kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa. Walitembea katikati ya kundi la wanawake wenye mizigo. Alimfunga kichwa bandeji hadi kwenye nyusi, kama mgonjwa. Nilibaki nyumbani.

Jumapili, 17 Julai

Cissy anaomba hadithi. Dunia inaitazama Juba, anasema, huu ndio wakati. Sikumjibu.

Jumatatu, 18 Julai

Duop amepiga kwa simu ya kuazima. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kama tumepata unga. Kisha akasema, "Joy, kuna mama hapa kambini. Anaitwa Nyariek. Anasema aliniomba."

Nikatoka uani, simu sikioni. Akaendelea:

"Anasema aliandika mara mbili. Uliniambia hakuna aliyepiga."

"Sikujua ni nani, Duop. Nilidhani ni mtego."

"Ungeniambia."

"Ungekwenda."

"Ndiyo," akasema. "Hilo lilikuwa langu kuamua."

Hakukata simu kwa hasira. Alisema simu ni ya mtu, nije nikipata njia.

Jumatano, 20 Julai

Nimefika kambini. Tope hadi kwenye vifundo, maturubai yametobolewa na risasi, watu wamelala juu ya watu. Duop alinipokea langoni, bandeji hana tena. Humo ndani mistari yake ni kama ya kila mtu. Alinipa mkono. Akatangulia mpaka kwa Nyariek.

Ni msichana mdogo kuliko nilivyofikiri, na mzuri, na amechoka. Mtoto yuko hai. Ni wa kike, amefungwa kwenye kitambaa cha pazia. Nilichuchumaa nikamtazama.

Nyariek alisimulia bila kunitazama sana. Mume wake, Ruach, alikuwa ametoka Ijumaa kutafuta dawa na hakurudi. Jumapili uchungu ukamshika. Upande wa pili wa ua wa mabua anaishi mke wa askari wa serikali, Mdinka, na askari wenyewe walikuwa wanaingia na kutoka hapo. Ndiyo maana hakuweza kuongea. Na ndiyo maana alimtaka Duop. Aliniambia kwa Kiarabu, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi: "Wanaume wengine wote niliwaogopa. Yeye nilimjua ni wa kwetu, niliona paji lake la uso kwenye picha."

Kitu kile kile kilichonifanya nimfiche ndicho kilichomfanya amwite.

Nilimwuliza ilikuwaje basi. Alisema alivumilia mpaka akashindwa kuvumilia, akapiga kelele. Yule mke wa askari akasikia, akapasua mabua ya ua kwa mikono, akaingia. Hawakuwahi kusalimiana mwaka mzima. Nyariek alidhani amekuja kumwua. Simu ilikuwa sakafuni, imefunguka kwenye maneno ya Mama Suzan, na yule mwanamke aliyasoma kwa sauti huku akifanya. Lilipokuja suala la uzi akachomoa uzi wa nguo yake mwenyewe. Siku mbili baadaye alimvisha Nyariek shela yake na kumsindikiza mpaka karibu na lango hili, kisha akageuka bila kuaga.

Nilimwomba msamaha. Alinitikia kwa kichwa, kama unavyomtikia mtu aliyekukanyaga sokoni. Alikuwa na jambo lake. Alitaka nimpige picha yeye na mtoto niiweke kwenye ukurasa.

Nikasema hapana. Nilisema hapana kabla hajamaliza. Nilimweleza habari za yule wa bendera, za askari mwenye dada, za picha ambazo huwezi kuzirudisha. Nilimwambia ninaweza kupiga mkono wa mtoto peke yake.

"Mkono ni mkono," alisema. "Ruach ataujuaje? Uso wangu ndio anaoujua."

Nikamtazama Duop anisaidie. Alisema, "Usiniulize mimi. Muulize yeye, naye ameshakujibu."

Sikupiga. Nilirudi nyumbani na simu yangu tupu.

Alhamisi, 21 Julai

Mama Suzan amenisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. Akaniuliza kama nilipiga picha ya Duop kwa sababu Duop aliniomba. Nikasema hapana, mimi ndiye niliyeitaka. Akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 22 Julai

Nimerudi na kupiga. Nyariek alinawa uso na kumgeuza mtoto aangalie mwanga. Alikataa kutabasamu, akasema Ruach akiona anatabasamu atadhani ni mtu mwingine. Maneno ni yake, niliyaandika alivyosema: Ruach, tuko hai wote wawili. Hakuna jina la kambi, hakuna ombi la mchango. Cissy amepiga mara tatu, anaitaka kwa ajili ya wafadhili. Nimemwambia si yetu.

Kidole changu kilikaa juu ya simu kwa muda mrefu. Nyariek akanyosha mkono wake akabonyeza mwenyewe.

Jumamosi, 23 Julai

Ninasoma jina la kila anayeipenda. Kila asiye na sura ananifanya niinuke niangalie kama lango limefungwa.

Jumanne, 26 Julai

Mvua. Ruach watatu wameandika.

Wa kwanza aliuliza tu, yuko wapi. Wa pili alimwita mke wangu mpenzi na kuniomba namba ya hema. Wa tatu ana sura, lakini sura ni ya mchezaji wa mpira. Usiku silali. Mmoja wao anaweza kuwa yeye. Wote wanaweza wasiwe. Ninajua ningefanya nini mwezi huu ulipoanza: ningekaa na simu hii kona ya jikoni na kuamua peke yangu.

Jumatano, 27 Julai

Nimempelekea Nyariek simu. Alisoma jumbe zote tatu. Akaniambia niwaulize wote swali moja: siku ile tuliyogombana njiani kwenda Bor, ulinipa nini ili nikusamehe?

Jumatatu, 1 Agosti

Majibu yamefika, pamoja na la mtu wa nne aliyejitokeza jana. Nimeyabeba mpaka kambini bila kumjibu hata mmoja. Lango lilikuwa na foleni ndefu, wanawake waliotoka kutafuta kuni wakirudi kimya kimya, hawataki kuulizwa kitu. Duop alinishika mkono kunivusha mtaro. Tangu siku ile ya simu hajaniita Joy, ananiita dada, na sijui kama ni karibu zaidi au mbali zaidi.

Nyariek alikuwa ananyonyesha, kwa hiyo nilimsomea. Wa kwanza amesema pete. Alitikisa kichwa. Wa pili amesema kitenge cha rangi ya njano. Alitikisa kichwa. Yule wa mchezaji wa mpira hajajibu, amefunga ukurasa wake na kutoweka.

Wa nne ameandika: Sikukupa kitu. Niliondoka nikakuacha. Wewe ndiye uliyenifuata na viatu vyangu mkononi.

 Nyariek alimtoa mtoto kifuani, akampa Duop, akachukua simu yangu kwa mikono miwili. Alikaa hivyo, machozi yakidondoka kwenye kioo mpaka herufi zikavimba, na akawa anayafuta kwa kitambaa cha pazia. Duop alisimama na mtoto begani, amegeuzia uso pembeni.

Ruach yuko Adjumani, kambi ya Uganda. Alivuka na wengine kwa miguu, mguu mmoja una jeraha. Nyariek alianza kuandika. Aliandika kwa jina letu, kwa sababu ndilo jina lililo kwenye simu, Mama Afike, na kidole chake kilikuwa kizito lakini hakikukosea. Alimwambia mtoto ni msichana. Alimwambia ana macho ya mama mkwe. Alimwambia hajampa jina, anamngoja yeye.

Jibu lilikuja tukiwa bado tumeinamia simu. Aliuliza: Nani alikuzalisha? Ni wale wa pikipiki?

Nyariek aliinua macho akanitazama. Ni mara ya kwanza alinitazama vizuri, uso kwa uso, na sikuyakwepa macho yake. Kisha akainama akaandika neno moja, akalituma, akanirudishia simu.

Aliandika: Jirani.